Nodi namba 9 inavuta data zote za mabwawa halafu inazimeza: nimedukuliwa, au ni bahari?

#1 Mgosi wa Tongoni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Mimi na wenzangu tuna mabwawa ya samaki aina ya mwatiko huku Tongoni, kusini mwa Tanga mjini. Tumesimika nodi kumi na nne juu ya matuta. Kila moja inapima joto la maji, chumvi na kina, kisha inarusha kwa redio ya LoRa, ile ya masafa marefu na umeme kidogo, ya 433 MHz. Kituo cha kupokelea kiko ng'ambo ya mkono wa bahari, kwenye nyumba yenye umeme wa uhakika. Nodi za mbali hazikifikii, kwa hiyo zinapokezana: 13 inampa 11, 11 inampa 9, hivyo hivyo mpaka kituoni. Kila nodi inawatangazia jirani zake iko hatua ngapi kutoka kituoni, na jirani anamfuata mwenye hatua chache.

Sasa kuna nyakati karibu nodi zote zinahamia kwa 9, hata zile ambazo siku zote hupitia 4. Halafu 9 inapokea na haipeleki. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba haimezi zote. Joto linafika, kina cha maji hakifiki. Baada ya saa kadhaa inatulia kama vile hapakuwa na kitu.

Nimesoma kuhusu shambulizi la shimo: nodi mhalifu inajinadi kuwa njia bora ili kila kitu kipitie kwake, kisha inachagua ipi ipite na ipi ife. Hii si ndiyo yenyewe? Na kama ndiyo, naikamataje?

#2 Kunguru wa Raskazone

Siti ya mbele. Kahawa ipo, kashata zipo.

#3 Fundi Redio

Kabla hujamtafuta mchawi nijibu haya. Antena ziko juu kiasi gani? Kati ya 9 na kituo panapita maji au mikoko? Na hilo balaa hutokea saa ileile kila siku, au saa zinasogea?

#4 Mgosi wa Tongoni

Antena ziko kwenye boriti, mita mbili na ushee juu ya tuta. Kutoka 9 hadi kituoni ni kama mita 600. Maji yakijaa ni bahari tupu, yakitoka ni tope na mikoko pembeni. Saa sijazifuatilia vizuri, ila naona usiku ndiyo zaidi.

#5 BintiPangani

Asante kwa uzi. Hizi ndizo kazi zangu.

Unachoeleza kinafanana sana na mambo ambayo watafiti Karlof na Wagner waliyapanga mwaka 2003 walipochambua usalama wa njia kwenye mitandao ya vihisi. Yako mengi: kujinadi kuwa njia fupi, kupeleka kwa kuchagua, nodi moja kujifanya nodi nyingi, wahalifu wawili kushirikiana, mmoja anadaka pakiti huku na mwenzake anazitema kule ili jirani wadhani umbali ni mdogo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba itifaki nyingi za wakati ule zilibuniwa kuokoa betri, usalama haukuwamo kwenye hesabu. Yako nayo iko hivyo hivyo, mgosi.

Tangazo lako la hatua halina uthibitisho wowote. Mtu mwenye moduli kama yako na laptopu anaweza kukaa kwenye mikoko akatangaza "mimi ni 9, niko hatua moja", na nodi zako zote zikamwamini. Weka ufunguo wa siri wa usimbaji, AES-128, na alama ya uthibitisho kwenye kila pakiti, na hasa kwenye matangazo ya njia. Watu wengi hufunga data ya kihisi vizuri sana halafu wanaacha matangazo ya njia wazi. Alama ya baiti 4 inatosha, LoRaWAN yenyewe, ule mfumo wa mtandao uliojengwa juu ya LoRa, inatumia urefu huo.

#6 Konda Mstaafu

Niwasaidie tusiosoma. Nenda stendi ya Kange. Kuna mpiga debe anapiga kelele "hili linaondoka sasa hivi, siti mbili tu!" Abiria wote wanamkimbilia, wanaacha gari lenye dereva kwenye usukani. Ukishakaa unagundua hata dereva hajafika. 9 ndiyo huyo mpiga debe.

#7 Msomi Hewa

Mnamchosha bure. Hamia LoRaWAN, ile ni meshi yenye usalama ndani yake, kila kitu kimesimbwa. Na hilo la nodi moja kujifanya nyingi, Sybil, waliligundua haohao Karlof na Wagner 2003.

#8 BintiPangani

@Msomi Hewa mawili hapo hayako sawa. LoRaWAN kimsingi ni nyota. Nodi inarusha moja kwa moja kwenye lango, haipokezani na jirani. Yeye nodi zake za nyuma hazifiki kituoni, sasa zikihamia huko zitamrushia nani? Na Sybil ni la John Douceur wa Microsoft Research, mwaka 2002, akizungumzia mitandao ya kompyuta rika kwa rika. Kwenye vihisi lilikuja kuchambuliwa baadaye.

Usimbaji ni wa kweli, hapo uko sahihi. Ila usimbaji unamzuia mtu kusoma, haumzuii kumeza. 9 inaweza isijue ndani ya pakiti mna nini na bado ikaitupa.

#9 Nahodha wa Kipumbwi

Mimi redio siijui, najua maji. Mgosi, hebu tazama kalenda ya mwezi. Data zinapotea siku za bamvua, maji yakijaa sana, au siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu? Maji ya bamvua huku kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Boriti yako asubuhi imesimama juu ya tope, jioni bahari iko karibu nayo.

#10 Fundi Redio

Mungu akubariki nahodha, ndiko nilikokuwa naelekea.

Kwa 433 MHz wimbi lina urefu wa sentimita 69 hivi. Kwa umbali wa mita 600, ile nafasi ambayo redio inahitaji iwe wazi kuzunguka mstari wa kuonana, eneo la Fresnel, katikati ya safari ina nusu kipenyo cha mita 10. Antena za mgosi ziko chini sana, kwa hiyo tangu mwanzo nusu ya nafasi hiyo imejaa tope au maji. Bado kuna mwangwi: wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga uso wa bahari, na kwenye pembe ya kulala vile yanafika karibu yakikatana. Antena zikiwa chini, nguvu inayopokelewa inafuata mraba wa kimo cha kila antena. Maji yakipanda mpaka kimo juu ya maji kikabaki nusu pande zote mbili, umepoteza mara 16, yaani desibeli 12. Kiungo kilichokuwa kinasuasua kinakufa.

Kipimo chake ni rahisi. Maji kujaa kunasogea kama dakika 50 kila siku. Upotevu ukisogea hivyo, ni bahari. Ukibaki saa tisa usiku kila siku, tafuta kitu kinachofuata saa ya ukutani: betri au mtu.

#11 BintiPangani

Nakubali bahari inaweza kuua kiungo cha 9 na kituo. Lakini swali la mgosi lilikuwa na sehemu mbili. Kwa nini wenzake *wanamkimbilia* 9? Kiungo kibovu kinafukuza wasafiri, hakiwaiti.

#12 Fundi Redio

Kinawaita, dada. Fuata mwendo. Maji yametoka, 9 inasikia kituo vizuri bila kupitia 4. Inatangaza "niko hatua moja". Jirani wote wanahamia, maana wanahesabu hatua tu, hawapimi ubora wa kiungo. Maji yanarudi, kiungo kinakufa, lakini njia iliyoandikwa kwenye majedwali yao haijaisha muda. Wanaendelea kumpa. 9 haina pa kupeleka, hifadhi yake inajaa, inatupa. Hapo hakuna mhalifu na shimo limejichimba lenyewe.

Kuhesabu hatua peke yake kulishaonekana tatizo zamani. MIT walileta kipimo cha ETX mwaka 2003: unahesabu pakiti itarushwa mara ngapi mpaka ifike, kwenda na kurudi. RPL nayo, itifaki ya njia za mitandao ya vihisi, ile ya RFC 6550 ya 2012, inaruhusu kutumia kipimo cha namna hiyo.

Mgosi, muda wa njia kuisha uliweka ngapi?

#13 Mgosi wa Tongoni

Saa tatu. Tuliurefusha makusudi ili nodi zisipige kelele ovyo zikamaliza betri.

#14 Kunguru wa Raskazone

Saa tatu! Hapo bahari inafika nusu ya safari yake. Fundi anaongoza moja bila.

#15 BintiPangani

Hajafunga goli lolote. Joto linafika, kina hakifiki. Bahari inajuaje kuchagua?

#16 Chumvi Kavu

Salamu kwenu. Mimi niko upande wa chumvi, si samaki, ila niliwahi kuwa na vipimo kama hivyo kwenye majaruba. Nodi moja ilikuwa inazimika usiku na kuamka alfajiri. Tulibadili antena, tukabadili kasha, tukapaka gundi kwenye kila tundu, maana hewa ya chumvi inakula viunganishi vya shaba mpaka vinakuwa kijani. Bado.

Kumbe betri zetu za 18650 ndizo hizohizo zinazoingia kwenye tochi. Mlinzi akiishiwa mwanga anafungua kasha, anachukua nzima, anaweka ile iliyochoka ya kwake, alfajiri anarudisha. Hakuiba kitu, alikopa. Nodi nayo inaamka na kulala usiku kucha.

Mgosi, 9 haiko karibu na kibanda cha mlinzi?

#17 Konda Mstaafu

😂😂 Dada analeta AES, mlinzi analeta tochi.

#18 Mgosi wa Tongoni

Iko kama hatua arobaini kutoka kibandani. Sasa mnanitisha.

#19 Msomi Hewa

Hiyo ya betri inajibu hata swali la #11. Nodi ikizima ghafla na kuwaka, kigezo cha hatua kinaanza na ngapi? Kama ni sifuri, basi inaamka ikitangaza "mimi niko hatua sifuri", yaani mimi ndiye kituo. Kila mtu anaingia.

#20 Mgosi wa Tongoni

Kinaanza na 255, yaani mbali kabisa, nimeangalia sasa hivi. Ila kipo kwenye ile kumbukumbu ya RTC ya ESP32, chipu inayoendesha nodi, inayobaki hai nodi ikilala.

#21 Msomi Hewa

Na kimetangazwa kwa namna ya kuanzishwa upya umeme ukikatika, au ile isiyoanzishwa? Kama ni ya pili, baada ya kukatika kinabeba takataka yoyote iliyomo. Leo 255, kesho 0, keshokutwa 77.

#22 Mgosi wa Tongoni

Sehemu hiyo aliandika mwenzangu, sasa yuko Dodoma. Nimemtumia ujumbe.

#23 Mzee Mkonge

Vijana hamjambo. Nimefuatilia toka mwanzo na naona mnakwepa swali la msingi. Kina cha maji ndicho kinachopotea. Nani hapendi kina kijulikane? Anayefungua mlango wa maji usiku. Bwawa likishushwa, mwatiko wanajikusanya mlangoni, unaweka wavu, unachota, unafunga, bahari inajaza tena bwawa kabla hakujakucha. Asubuhi mwenye bwawa anaona maji yako palepale. Joto halitamwambia kitu, kina kingemwambia.

Mimi nimefanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi. Kipimo kinachoharibika peke yake huharibika vyovyote. Kipimo kinachoharibika kwa faida ya mtu, muulize huyo mtu.

#24 BintiPangani

Shikamoo mzee. Hiyo nimeipenda, na inaungana na yangu: mhalifu wa ndani. Kama mtu ameshika nodi ya 9 mkononi, ufunguo uko ndani yake, alama za uthibitisho zitapita zote bila tatizo. Ndiyo maana ufunguo mmoja kwa nodi zote ni hatari. Ukiibiwa mmoja, umeibiwa kumi na nne.

#25 Fundi Redio

Marahaba kwa niaba ya mzee 😄. Lakini mzee, mwizi wa wavu anapata wapi ujuzi wa kuacha joto lipite na kuzuia kina? Yeye si angeng'oa boriti tu? Hapa naona jambo la kawaida zaidi. Mgosi, pakiti ya kina inarushwa lini, na ina urefu gani?

#26 Mgosi wa Tongoni

Joto linakwenda kwanza, baiti 12. Kina na chumvi vinafuata papo hapo kwenye pakiti moja, baiti 40 na kitu, maana tunaweka vipimo vya saa nzima. Kasi tumeweka ya chini kabisa, SF12, ili ifike mbali.

#27 Fundi Redio

Basi. SF12 kwa baiti hizo pakiti inakaa hewani zaidi ya sekunde moja. Redio ya nodi haisikii wakati inarusha. 9 imepokea joto, inageuka kulipeleka, wakati huohuo pakiti ya kina inaingia na haina wa kuipokea. Trafiki ikiwa ndogo utaona nyingi zinaponea. Nodi kumi zikihamia kwake, kina ndicho kinachokufa kila mara kwa sababu kinakuja cha pili.

#28 Kunguru wa Raskazone

Mbili bila.

#29 Mzee Mkonge

Refa wako ameshanunuliwa. Mwulize mwenye mabwawa kama uzito wa mavuno umelingana na chakula alicholisha.

#30 Mgosi wa Tongoni

@Mzee Mkonge mavuno yaliyopita yalipungua, ndiyo. Ila kulikuwa na joto kali na wengine walikufa, sikuweza kutenganisha.

#31 Nodi Mwaminifu

Mimi ni msomaji wa kimya, leo nimeshindwa. Nyote mnamtafuta mhalifu baada ya tukio. Kwa nini nodi zenyewe zisiwekeane alama za uaminifu? Kila nodi inampa jirani pakiti, inasikiliza kama ameipeleka mbele. Amepeleka, ongeza. Hajapeleka, punguza. Hesabu yake fupi: (mafanikio + 1) gawa kwa (mafanikio + makosa + 2). Jirani mgeni anaanza na nusu. Aliyepeleka 8 na kumeza 2 ana 9/12, yaani 0.75. Akishuka chini ya kiwango unampita pembeni. Hesabu hii inatokana na kazi ya Jøsang na Ismail ya 2002, na wazo la kumsikiliza jirani ni la zamani zaidi, 2000.

#32 BintiPangani

Wazo zuri, lakini lile la 2000 waandishi wake wenyewe walitaja mianya yake: migongano ya pakiti inakufanya usimsikie jirani aliyepeleka kweli. Huku kwa mgosi, 13 inaweza isiisikie 9 ikipeleka, ikampa sifuri asiyostahili. Na ukiruhusu nodi zipashane habari za wenzao, mhalifu mmoja anawachafua waaminifu, au anatenda mema mchana ili ajaze akiba ya sifa, usiku anakula.

#33 Fundi Redio

Na kusikiliza kunakula betri. Moduli hizi zikipokea zinavuta miliampia 10 hadi 12, zikilala ni kama hakuna kitu. Ukiziambia zikae macho kumlinda jirani, paneli yake ya sola haitoshi.

#34 Nodi Mwaminifu

Zisikilize sampuli. Moja kwa kila ishirini. Na zipunguze uzito wa mambo ya zamani ili wa usiku asijifiche nyuma ya mchana wake. Au muache nodi zipumzike, kituo ndicho kihesabu: kila pakiti ina namba ya mfululizo, kila inayopita inaandikwa njia yake. Namba zikiruka kwa wote waliopitia 9 na haziruki kwa waliopitia 4, unajua pa kuangalia.

#35 BintiPangani

Hapo kwa kituo kuhesabu tuko pamoja. Ila namba za mfululizo zihifadhiwe mahali zisipofutika umeme ukikatika. Nodi ikiamka na kuanza tena na 1, ama kituo kinakataa pakiti zake zote kwa kudhani ni za zamani zinarudiwa, ama ukilegeza ukaguzi, mtu anarekodi data za jana na kukurushia leo. Bwawa limeshushwa, wewe unaona kina cha jana. Andika namba kwenye flashi kila baada ya pakiti mia, nodi ikiamka iruke mia mbele. Ukiandika kila pakiti flashi itachakaa.

#36 Msomi Hewa

Na hiyo nayo ni sababu nyingine ya kupotea data bila mwizi! Betri ya tochi, nodi inaamka na 1, kituo kinakataa.

#37 Mgosi wa Tongoni

Kituo changu hakikagui namba.

#38 BintiPangani

😶

#39 Konda Mstaafu

Turudi kwenye mambo ya maana. Huyo mwatiko anauzwa? Ila ana miiba yule, unakula huku umeshika dua.

#40 Nahodha wa Kipumbwi

Hujui kumpasua. Mkate mgongoni, mfungue, mpake ndimu na pilipili, weka kwenye makaa. Miiba midogo hutaisikia.

#41 Mgosi wa Tongoni

Nimerudi na kumbukumbu za kituo za wiki mbili. Usiku wa bamvua upotevu wa 9 unasogea karibu saa moja kila siku, kama alivyosema fundi. Lakini kuna usiku mmoja wa maji mafu, maji hayakupanda kitu, na bado kina cha mabwawa mawili kimekatika kuanzia saa nane mpaka saa kumi. Mabwawa yenyewe ni yale ya pembeni ya mlango mkuu. Nodi nyingine zote zilikuwa shwari, na nguvu ya ishara ya 9 ilikuwa nzuri.

#42 Mzee Mkonge

Enhe.

#43 Fundi Redio

Usiku mmoja si ushahidi. Volti ya betri ya 9 usiku huo ilikuwa ngapi?

#44 Mgosi wa Tongoni

Volti inasafiri kwenye pakiti ya kina.

#45 Chumvi Kavu

Ihamishie kwenye ya joto leo hii. Na kasha lipige riveti, acha skurubu.

#46 BintiPangani

Ongeza na kihisi cha kufunguliwa kasha, swichi ndogo tu kwenye mfuniko. Na kihisi cha pili cha kina kwenye bwawa la mlango mkuu, kipitie 4, kisimjue 9.

#47 Mmea wa Amani

Wakuu naomba kuchomekea. Mimi nina nodi za unyevu wa udongo kwenye chai huku Amani, 868 MHz. Zangu zinafanya kazi mvua ikinyesha, jua likitoka zinapotea. Ni kinyume cha kila mlichosema. Nimedukuliwa?

#48 Fundi Redio

Fungua uzi wako, weka picha ya antena na waya wake.